Mbuzi wa Ntheo kwa Mwendo wa Mia na Ishirini

Safari ya kwanza ya kupeleka mbuzi kwa baba mkwe wangu tulifika saa saba na nusu mchana, na mzee akatuuliza kama tulikuwa tunawauza.

Hakuwa anatania. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya nyumba, koti limefungwa vifungo vyote katika jua lile la Kibwezi. Akamtazama mke wangu, binti yake wa kumzaa, akasema kwa heshima kwamba mbuzi ni wazuri lakini siku hizi hanunui. Mke wangu alikuwa amepiga magoti kumsalimia. Alibaki pale chini kwa muda mrefu kuliko salamu inavyotaka, na mimi nikasimama nyuma yake na kamba tatu mkononi, sijui niziweke wapi.

Ugonjwa wa mzee ulikuwa hivyo. Asubuhi alikuwa na akili zake zote: anakumbuka mvua za miaka ya zamani, anamkemea mjukuu kwa jina, anauliza bei ya ndengu, zile choroko ninazouza. Ikikaribia saa sita anaanza kupotea, na mchana wote hamjui mtu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu anayeishi na mzee, hakutuficha. "Leteni asubuhi," alisema tulipokuwa tunapakia mbuzi turudi nao. "Na msikawie sana. Hizi asubuhi zake pia zinapungua."

Ntheo ni mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja, ambao mwanamume Mkamba hupeleka kwa wazazi wa msichana. Beberu huchinjwa palepale, watu wa pande zote mbili wanakula pamoja, na kuanzia hapo ndipo msichana anaitwa mke wa mtu. Kanisani mnaweza kuombewa, watoto mnaweza kuzaa, lakini bila mbuzi hao, kwa hesabu ya kwao, bado ni binti wa nyumbani aliyekwenda matembezi. Mke wangu alikuwa amekuja kwangu Kyuso matembezi ya miaka kumi na mmoja, na watoto watatu.

Sina sababu nzuri. Mwaka mmoja ulikuwa wa ukame, mwingine wa karo, mwingine nilinunua pikapu. Mbuzi nilikuwa nao miaka hiyo yote, wakinilia nyuma ya nyumba kila asubuhi. Nilichokosa ni kuamka siku moja na kusema ni leo. Yeye hakunidai. Ila baba yake alipoanza kuugua, mke wangu alikuja ghalani nikipima ndengu akasimama mlangoni. "Nataka baba ashike kamba na mkono wake," alisema. "Akijua ni mimi. Sitaki kitu kingine kwako." Kisha akarudi jikoni. Niliona aibu mpaka nikapima gunia lile lile mara mbili.

Sasa, kwa nini tulichelewa safari ile ya kwanza? Ukiniuliza leo nitakwambia ukweli. Tulipanga kutoka saa kumi na mbili asubuhi tukatoka saa tatu. Chai ilichelewa, maombi yakawa marefu, mimi nikabadilisha beberu mara mbili kwa sababu wa kwanza alionekana mwembamba. Matinyani tulipompitia mjomba wangu, ambaye ndiye msemaji wetu, tulimkuta bado anatafuta kofia yake. Hayo yote niliyajua. Lakini mtu mwenye hasira hutafuta kitu cha kukasirikia kisichoweza kumjibu, na mimi nilikipata ndani ya gari langu.

Pikapu yangu ilitoka kiwandani ikiwa imefungwa mwendo. Ikifika themanini, unaweza kukanyaga mafuta mpaka kiatu kiguse sakafu, haiongezi hata kidogo. Miaka minne nilibeba ndengu kwa mwendo huo bila kulalamika. Siku ile, kutoka Kitui hadi Ikutha, barabara mpya nyeusi imelala mbele yangu haina mtu, nilikanyaga, gari ikagoma, nikakanyaga, ikagoma. Saa ya kwenye simu ilikuwa inakimbia na mimi nimefungwa. Tuliporudi Kyuso jioni nilimwambia mke wangu kwamba kilichotuchelewesha ni kile kizuizi cha mwendo.

"Kilichotuchelewesha ni kutoka saa tatu," alisema.

Jumatatu nilikuwa Mwingi kwa fundi.

Fundi wa umeme wa magari alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliunganisha kompyuta yake na gari, akabonyeza vitu ambavyo sikuvielewa, na kabla sijamaliza soda yangu akasema tayari. Nilitarajia nyundo, grisi na jasho. Nilisikia kama nimeibiwa.

"Sasa sikia," alisema akivua miwani. "Mimi nimefungua ya kwenda. Ya kusimama sijaigusa, hiyo iko vile ilikuwa. Breki zako na tairi zako ni za gari ya themanini. Na unajua hii kitu ni makosa, ukishikwa mimi sikujui."

Nikacheka. Nilijaribu gari njiani nikirudi Kyuso. Tisini, mia, mia na kumi. Usukani ulikuwa unatetemeka kidogo mikononi mwangu na mimi nilikuwa natabasamu peke yangu. Niliona miaka kumi na mmoja inafutika kwenye lami.

Mjomba, kwa upande wake, alikuwa na masharti ambayo hakuna fundi angeweza kuyafungua. Mbuzi wa ntheo hawalali njiani: wanatoka zizini kwetu asubuhi, jioni wanalala zizini kwa wakwe. Mimi mwenyewe siruhusiwi kulala kwao kabla ya mbuzi kupokelewa. Na mbuzi awe mzima. Si kilema, si chongo, pembe zote mbili ziwepo. "Huwezi peleka mbuzi mgonjwa kuthoni," alisema kwenye simu, maana yake kwa wakwe. "Hiyo ni kama umewaambia hivyo ndivyo unamuona msichana wao."

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku yetu. Hapa ndipo nataka nijiseme vizuri, kwa sababu kosa lote liko hapa. Mke wangu aliamka saa kumi. Saa kumi na moja alikuwa amevaa, watoto wamepelekwa kwa jirani, mbuzi wamenyweshwa, chai iko kwenye chupa. Alikuja kuniamsha nikamwambia aniache kidogo. Kwa nini tuhangaike na giza, nilimwambia, na gari sasa inakimbia? Alisimama pale na tochi. Kisha akaizima, akaenda kukaa nje kwenye jiwe karibu na mbuzi.

Tulitoka saa mbili kasoro robo.

Kufika Mwingi nilikuwa nimeshapita mia. Mbuzi walikuwa nyuma, wamefungwa kamba fupi kwenye vyuma vya bodi, na nilikuwa nimewatandikia majani. Matinyani mjomba alikuwa tayari barabarani, suti, kofia, fimbo. Alipanda akakaa dirishani, mke wangu katikati, magoti yake ameyapeleka upande ili nisimguse nikibadilisha gia. Kwenye kizuizi cha polisi askari alichungulia nyuma, akaona mbuzi watatu, akaona suti ya mjomba na kitambaa kipya cha mke wangu. "Ntheo?" akauliza. Mjomba akaitikia. "Basi muende mkapendwe," akasema akatupungia mkono. Nilimwona mke wangu anacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Baada ya Kitui simu yake ililia. Alikuwa shemeji. Mke wangu aliweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Mzee ako sawa leo," shemeji alisema. "Ako sawa kabisa. Ameamka akaniuliza, wale wa Kyuso wanakuja lini? Nikamwambia leo. Amejivalisha koti mwenyewe. Mko wapi?"

"Tumepita Kitui," mke wangu alisema. Sauti yake ilikuwa ya msichana. "Mwambie tunakuja. Mwambie ni mimi."

"Anajua ni wewe. Kujeni tu."

Alikata simu akaishika kwa mikono miwili mapajani. Mimi nikaongeza mwendo. Mia na kumi, mia na ishirini. Mutomo ilipita. Vibao vilikuwa vinakuja na kuondoka kabla sijavisoma, na nyuma nilisikia kwato zinateleza kwenye chuma kila tulipokata kona.

"Punguza kidogo," mjomba alisema. "Tumebeba mbuzi, si mawe."

"Tunachelewa, mjomba."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nne."

"Saa nne na umepita Mutomo? Nani amekwambia tunachelewa?"

Alisema kweli. Nilijua anasema kweli hata wakati ule, na mguu wangu haukuinuka. Siwezi kueleza vizuri. Nilikuwa nimekaa sana katika kuchelewa kwangu mpaka sikujua mtu anayewahi anaendeshaje.

Punda walitokea kabla kidogo ya Ikutha. Wanne, kila mmoja na mitungi ya maji, na mama mmoja nyuma yao akiwa na fimbo. Walikuwa wanavuka kwa mwendo wao wa kila siku, na mimi niliwaona nikiwa karibu zaidi kuliko nilivyodhani, kwa sababu mwendo ule sikuuzoea wala macho yangu hayakuuzoea. Nilikanyaga breki. Gari haikusimama. Iliinama mbele, ikavuta kushoto, tairi zikapiga kelele, na nyuma yetu kitu kizito kikagonga ukuta wa bodi mara mbili. Mke wangu alinyoosha mkono wake mbele ya kifua changu, kama anavyofanya kwa watoto. Nilimwona yule mama uso kwa uso. Hakukimbia. Aliinua tu fimbo yake mbele yake, fimbo nyembamba ya kuchungia.

Tulisimama kando, gurudumu moja nje ya lami, punda wa mwisho akipita mbele ya taa zangu bila hata kugeuza kichwa. Mama yule alitugeukia. Alisema neno moja la Kikamba ambalo sitaliandika, akawafuata punda wake.

Hakuna aliyeguswa, nilijiambia. Hakuna aliyeguswa.

"Shuka tuangalie mbuzi," mke wangu alisema.

"Tutawaangalia tukifika."

"Shuka, baba watoto. Nimesikia kitu."

"Tukifika!"

Nilimpigia kelele. Mbele ya mjomba, siku ya ntheo yake. Nikarudi barabarani nikapita Ikutha bila kupunguza vya kutosha. Nilidhani nikiendelea mbele, kile kilichogonga nyuma kitabaki kule nyuma. Beberu alikuwa analia, sauti ndefu, moja baada ya nyingine. Mke wangu alitazama mbele. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Tulikwenda hivyo kilomita nyingi.

"Beberu amenyamaza," mjomba alisema.

Nilisimamisha gari kabla ya daraja la Athi. Majike walikuwa wima, wamebanana kona moja, macho yamewatoka. Beberu alikuwa amelala ubavu juu ya mguu wake wa mbele, na mguu ule ulikuwa umekunjwa mahali ambapo mguu haukunjwi. Alikuwa hai. Alinitazama tu, anapumua haraka. Mjomba alipapasa mfupa, akachomoa leso, akajifuta mikono.

"Huyu hapokelewi," alisema.

"Tumpeleke hivyo hivyo," nilisema. "Si anachinjwa leo leo?"

Aliyenijibu alikuwa mke wangu. "Miaka kumi na mmoja," alisema, "halafu unipeleke kwa baba na mbuzi amevunjika?" Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Kutoka pale mpaka kwa mzee hakukuwa mbali. Tuligeuza gari tukarudi Ikutha kutafuta beberu.

Kama ingekuwa siku ya mnada tungepata mia. Haikuwa siku ya mnada. Tuliuliza dukani, tukatumwa nyumba moja, mwenyewe amepeleka mbuzi machungani. Tukatumwa nyumba nyingine, beberu alikuwepo lakini alikuwa amekatika pembe. Mjomba alikuwa anatembea na suti yake kwenye vumbi kutoka boma hadi boma, anasalimia kila mtu kwa utaratibu, anauliza habari za mvua kwanza, kwa sababu huwezi kuingia kwa watu ukaanza na mbuzi. Nilitamani kupiga mayowe. Nyumba ya nne, mama mmoja alitutolea beberu mweusi mzima, akamchukua yule aliyevunjika kama sehemu ya bei, na alipoelewa ni wa ntheo akampaka mafuta pembe kwa mikono yake. Tulipotoka kwake ilikuwa saa sita na dakika tano.

Shemeji alipiga saa sita na robo. "Bado ako," alisema. "Amekataa kuingia ndani. Anaangalia barabara. Mko wapi?" Alipiga tena saa saba kasoro robo. Safari hii mke wangu hakuweka sauti kubwa. Alisikiliza, akasema, "Sawa," akaweka simu kwenye mkoba, akaufunga.

Nilikuwa naendesha sabini. Hakuna aliyeniambia nipunguze.

Tulifika saa saba na robo. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, koti limefungwa, viatu vimepigwa rangi. Kando yake kulikuwa na viti vitatu vilivyofunikwa vitambaa, na kikombe chake cha chai kilichojaa, kimeingia nzi. Alikuwa ametungoja hapo tangu saa tatu.

Mke wangu alipiga magoti. "Nau," alimwita, baba yangu, na akamwekea kamba kiganjani. Mzee aliishika. Alikuwa mfugaji maisha yake yote na mikono yake haikuwa imesahau: alipapasa mgongo wa jike la kwanza, akafungua mdomo wa la pili akaona meno, akamtazama beberu kwa muda mrefu.

"Hawa wawili ni wa zizi moja," alisema. "Huyu mweusi ni mgeni. Mmemnunua leo. Ona, hawasogeleani."

Mjomba alivua kofia akasema ndiyo, ni kweli, na akaeleza mbele ya watu wote kilichotokea, bila kunificha. Mzee alisikiliza vizuri. Kisha akamgeukia mke wangu ambaye bado alikuwa magotini, akamwangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia mtoto wa wenyewe.

"Mimi pia niko na msichana," alimwambia. "Mkubwa kama wewe. Ako Kyuso. Bwana yake anatuletea mbuzi leo."

Jogoo alipita kati yetu. Nilitaka kusema ni mimi, nilifungua mdomo, na mke wangu akanitazama nikaufunga.

Wazee wa pande mbili walikaa wakakubaliana. Shemeji angepokea kamba kwa niaba ya baba yake. Beberu alichinjwa, nyama ikachomwa, sote tukala, mzee naye akala vizuri na akasifu nyama. Kwa hesabu ya Wakamba wote, kuanzia saa kumi ya siku ile nina mke. Jioni tulipoaga, mzee alinishika mkono mimi, kwa sababu ndimi niliyekuwa na funguo za gari.

"Wewe unapita njia ya Kyuso?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukikutana na huyo kijana, mwambie asikimbize gari. Hii barabara ni mbaya. Mimi sina haraka, nitamngoja."

Nilirudisha kile kizuizi cha mwendo wiki ileile. Fundi aliunganisha kompyuta yake tena, na mimi sikuonja soda. Lakini nilishapiga hesabu njiani. Kwa themanini, bila kuharakisha hata kidogo, hata kwa kutoka saa mbili kasoro robo, tungefika kabla ya saa sita, na mzee alikuwa na akili zake mpaka saa sita na nusu. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi, na jibu ni lilelile.

Asubuhi zake ziliisha mwezi ule. Sasa siku nzima ni mchana. Tunakwenda kumwona kila tunapoweza, tunatoka Kyuso saa kumi na moja, tunafika mapema. Mke wangu anamlisha uji, anamkata kucha, na mzee anamshukuru, anamwambia wazazi wake walimlea vizuri. Tukiaga, ananishika mkono, ananiuliza kama napita njia ya Kyuso, na ananipa ujumbe nimpelekee yule kijana. Namwambia nitamfikishia.